UZI: Mbwa mweusi aliyeua waumini kanisani, Suffolk 1577. Nimeenda kuukagua mlango mwenyewe

Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Jukwaa hili limejaa majini ya Tanga na popobawa. Leo niwaletee mzimu wa huku kwa wenyewe.

Mimi nabeba boksi Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Huku si London. Ni mashamba ya ngano na shayiri, vinjia vyembamba vyenye michongoma pande zote mbili, na kutoka kijiji hadi kijiji hukuti taa hata moja. Desemba saa kumi jioni giza limeshatanda.

Bibi mmoja ninayemhudumia aliniuliza nakuja kazini kwa njia gani. Nikamwambia kwa baiskeli, nakatiza kando ya makaburi ya kanisa. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi ukimsikia Shuck usigeuke nyuma." Nikadhani Shuck ni jirani yake mlevi. Nikamjibu, "Sawa bibi, nitamsalimia." Alicheka mpaka nikamletea maji.

Shuck ni mbwa. Mweusi tii, manyoya marefu yaliyovurugika, mkubwa kama ndama, macho mekundu yanawaka. Wengine wanasema ana jicho moja tu katikati ya paji la uso, wengine wanasema kichwa hana kabisa. (Hilo la kukosa kichwa na bado macho yakawaka, msiniulize mimi.) Anatembea kwenye vinjia hivyo hivyo ninavyopita, kwenye makaburi, na pwani ya Norfolk na Suffolk. Mlio wake unagandisha damu lakini miguu yake haisikiki. Kuna wanaosema ukimwona, mwaka hauishi wewe au mtu wa nyumbani kwako hajafa. Wengine wanasema usipomchokoza naye hakuchokozi.

Sasa kisa chenyewe kilichomfanya awe maarufu. Tarehe 4 Agosti 1577, siku ya Jumapili, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Mji wa Bungay, kanisa la Mtakatifu Maria, watu wamo kwenye ibada. Mbingu ikafunga giza, mvua, radi, ngurumo, kanisa likatikisika. Ndani ya mwanga wa radi watu wakamwona mbwa mweusi anakimbia katikati ya kanisa. Akapita baina ya watu wawili waliokuwa wamepiga magoti wanasali, akawanyonga shingo wote wawili kwa mara moja, wakafa wakiwa vilevile wamepiga magoti. Mtu wa tatu, mbwa alimshika mgongoni. Yule hakufa, lakini akajikunja na kusinyaa kama kipande cha ngozi kilichochomwa motoni.

Halafu mbwa akatokea Blythburgh, kama kilomita 20 kutoka hapo, kwenye kanisa la Utatu Mtakatifu. Akakaa juu ya boriti kubwa, akaruka chini, akaua wanaume wawili na kijana mmoja, akamuunguza mwingine mkono, akatoweka. Mlango wa kaskazini wa kanisa hilo una alama nyeusi zilizoungua hadi leo. Wenyeji wanaziita alama za vidole vya shetani, na husema ni kucha za mbwa huyo.

Nimeenda kuziona wiki iliyopita. Naendelea baada ya kulala, nimetoka kazini sasa hivi.

Mtoto wa Chwele

Nimekaa hapa na kahawa. Usipotee kama wale wenzako wa "itaendelea" halafu mwaka unaisha.

Binti Mtambwe

Kaka, hapo kwenye mbwa mweusi umenigusa. Tulipokuwa chuoni ustaadhi alitusomesha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba mbwa mweusi ni shetani. Basi usiku tukikutana na mbwa mweusi njiani Mtambwe, hakuna aliyebaki na makubazi yake miguuni. Sikujua Wazungu nao wana lao.

Mkosoaji Mkuu

Mleta mada, stori tamu, ila ushahidi uko wapi? Mambo ya 1577 nani aliyaandika? Au ni haya ya "bibi aliniambia"?

Zamu ya Usiku

Nimeamka. @Mkosoaji Mkuu, hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu nami nilijiuliza hivyo hivyo nikaacha kulala siku mbili.

Aliyeandika habari za mbwa ni mtu anaitwa Abraham Fleming. Alikuwa mwandishi na mfasiri wa London. Uchungaji aliupata baadaye. Mwaka huo huo wa 1577 alitoa kijitabu cha kurasa chache kuhusu "ajabu ya kutisha" iliyotokea Bungay. Yote niliyowaandikia juu, ya kunyonga shingo, ya kusinyaa kama ngozi, ya boriti, yametoka kwake. Yeye mwenyewe anaweka tahadhari: mbwa huyu mweusi, au shetani kwa sura hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Kisha anawaita wasomaji watubu. Vijitabu vya namna hiyo ndivyo vilikuwa gazeti la udaku la wakati ule: moto, mafuriko, ndama wa vichwa viwili, kisha "tubuni". Vilinunuliwa sana.

Fleming hakuwepo Bungay siku ile.

Waliokuwepo ni wazee wa kanisa. Na kanisa la Bungay lilikuwa na kumbukumbu zake, za maziko, mapato na matumizi, na mambo ya parokia. Ndani yake wameandika kwamba John Fuller na Adam Walker waliuawa na tufani, kwenye mnara wa kengele, wakati wa sala, siku ya Bwana, tarehe 4 Agosti. Basi. Mbwa hayumo. Watu waliozika maiti hizo mbili, waliowajua kwa majina, wanaojua nani ameacha mjane, hawakumwandika mbwa.

Kuna na kitabu cha tatu, tarikh kubwa ya Uingereza inayojulikana kwa jina la Holinshed. Hiyo inasimulia ya Blythburgh: radi ilipiga ukuta wa kanisa, ikaingia ardhini, ikaangusha watu zaidi ya 20 upande ule, ikapasua mlango, ikapanda mnarani ikavunja mbao na kengele, kisha ikaelekea Bungay. Watu walikutwa chini zaidi ya nusu saa baadaye. Mwanamume wa miaka zaidi ya 40 na mvulana wa miaka 15 walikuwa wamekufa, wengine wameungua. Huko nako mbwa hayumo. Na angalieni mwelekeo: Fleming anaanzia Bungay kwenda Blythburgh, hii inatoka Blythburgh kwenda Bungay. Hata idadi ya waliokufa Blythburgh haifanani.

Mnajua nani alikuwa mmoja wa wahariri wakuu wa toleo la 1587 la tarikh hiyo? Abraham Fleming yuleyule. Miaka kumi baadaye, kwenye kitabu cha heshima, mbwa wake kamwacha nje.

Mkosoaji Mkuu

Duh. Hapo umenikata maneno. Kwa hiyo unatuambia mbwa ni wa kwenye karatasi?

Fundi wa Nguzo

Wakuu, mimi ni fundi umeme, nimepanda nguzo miaka mingi. Niseme la kitaalamu kidogo. Mleta mada, kijitabu kinasema lolote kuhusu vyuma vya kanisani?

Zamu ya Usiku

@Fundi wa Nguzo ndiyo! Anasema waya na magurudumu ya saa ya kanisa vilisokotwa na kukatikakatika.

Fundi wa Nguzo

Nilijua. Sikilizeni. Mnara ndio kitu kirefu kuliko vyote hapo mjini. 1577 hakuna mtego wa radi. Benjamin Franklin kaja na wazo hilo karne ya 18. Radi inapiga kileleni, inatafuta njia ya kushuka ardhini. Jiwe si njia nzuri, ila ndani ya mnara kuna kengele, kuna waya wa saa unaoshuka. Inashuka nayo. Waya mwembamba hauwezi kuubeba mkondo ule, unayeyuka, unakatika. Radi ikikosa waya inaruka pembeni kwa chochote kilicho karibu, na binadamu ana maji na chumvi, ni njia nzuri kuliko jiwe. Ndiyo maana wamekufa waliokuwa mnarani.

Na ile ya kupita kati ya wawili wakafa pamoja, wa tatu akaungua akapona: hiyo nimeiona kwa ng'ombe chini ya mti. Kumi wamelala, katikati mmoja anatafuna majani yake kama hakuna lililotokea. Mkondo ukifika chini unasambaa ardhini, na anayepata na anayekosa wanapishana hatua moja tu. Aliyepiga magoti kagusa sakafu sehemu nyingi kuliko aliyesimama.

Huyo mbwa mimi namjua, na jina lake la kazi ni kukosa waya wa ethi.

Mtoto wa Chwele

Hahaha fundi ametuzimia stima. Lakini mimi niseme la kwetu. Natoka Bungoma. Wazee wa Kibukusu walikuwa wanasema radi ni jogoo mkubwa mwekundu, akiwika ndiyo ngurumo. Guka (babu) akisikia ngurumo alikuwa anasema "amewika". Kwa hiyo mimi sishangai Mwingereza kuona mbwa. Kila mtu anaona mnyama aliyemzoea uani kwake.

Kaka wa Rukwa

Kwetu Sumbawanga hatuhitaji mnyama. Radi ikipiga nyumba, swali la kwanza matangani ni nani kaituma. Watu wanaanza kuhesabu nani aligombana na marehemu, nani hakuja msibani, nani kaja akala sana. Nimeona familia imehama kijiji kwa ajili ya radi ambayo fundi hapo juu angeimaliza kwa waya wa shaba. Angalau hao wa Bungay walimlaumu mbwa, mbwa hana nyumba ya kuchomwa moto.

Zamu ya Usiku

@Kaka wa Rukwa usiwape sifa mapema. Hiyo nayo walikuwa nayo, tena Suffolk hii hii. Tarehe 27 Agosti 1645, mji wa Bury St Edmunds, walinyonga watu 18 siku moja kwa kesi za uchawi. Mwindaji wachawi aliyevuma wakati huo aliitwa Matthew Hopkins. Siku ya mbwa ilipita salama kwa majirani kwa sababu Fleming aliwaambia kosa ni la wote, mtubu wote. Afadhali hilo.

@Mtoto wa Chwele hiyo ya jogoo nimeipenda mno. Nimeisimulia usiku kwa yule bibi. Akaniuliza jogoo huyo anataga?

Binti Mtambwe

Mwambie jogoo hatagi 😂. Lakini kaka, kuna kitu hukijibu. Kama mbwa aliandikwa na mtu wa London asiyekuwepo, vipi basi bibi wa Suffolk leo anamwogopa kwenye makaburi? Maana popobawa 1995 sisi hakuna aliyetuandikia kijitabu. Watu tulilala nje barazani, ukoo mzima na jirani, taa zinawaka. Habari ilikwenda kwa mdomo.

Zamu ya Usiku

Dada, hilo swali ni zuri kuliko uzi wangu. Nijibu ninavyoelewa.

Hawa ni mbwa wawili, waliunganishwa baadaye. Fleming hatumii jina la Shuck popote. Yule wa kwake ni mbwa wa siku moja, wa kanisani, mchana, katika tufani. Shuck ni wa njiani, wa usiku, hana tarehe. Jina lenyewe watu wengi wanalihusisha na neno la Kiingereza cha kale, *scucca*, lenye maana ya shetani au pepo. Wengine wanasema ni lahaja tu ya huku, mwenye manyoya timtim. Maandishi ya kwanza yanayomtaja kwa jina hilo ni ya 1850, padri mmoja wa Norfolk aliandika kwenye jarida kwamba amesikia watu wengi wakimsimulia: mweusi, manyoya, macho ya moto, anatembelea makaburi usiku wa manane. Sidhani kama watu hao walikuwa wamesoma kijitabu cha Fleming. Walimpata kwa mabibi zao, kama nyinyi na popobawa.

Tena hayuko peke yake. Yorkshire wana wao, wanamwita Barghest. Lincolnshire, mkoa wa kaskazini ya huku, wana mbwa mweusi mpole! Mama mmoja mtafiti wa mila, Ethel Rudkin, aliandika habari zake 1938. Alikusanya simulizi za wanawake waliokuwa wanarudi peke yao usiku, mbwa mweusi mkubwa akatokea, akatembea nao sambamba mpaka karibu na nyumbani, akapotelea kwenye michongoma. Mama huyo alisema naye amewahi kumwona. Mimi kama ningepewa kuchagua ningeomba uhamisho Lincolnshire.

Basi watu walikuwa na mbwa wao wa njiani, na kijitabu kikawa na mbwa wake wa kanisani. Vitabu vya wasafiri na vya watalii vikawakutanisha. Siku hizi ukiuliza Bungay wanakwambia "Shuck alikuja 1577" kama wanavyotaja siku ya harusi ya mtu.

Na wamemkubali kabisa. Sokoni kuna mlingoti, juu yake kishale cha upepo chenye mbwa anayekimbia juu ya mwale wa radi. Kiliwekwa miaka ya 1930. Mbwa yumo kwenye nembo ya mji. Timu yao ya mpira inaitwa Mbwa Weusi. Nimecheka: John Fuller na Adam Walker ndio waliokufa, kishale kapewa mbwa.

Mkosoaji Mkuu

Mlango sasa. Umesema umeukagua. Hapo fundi atasemaje, waya wa ethi una kucha?

Zamu ya Usiku

Nilikuwa nauweka mwisho makusudi.

Kanisa la Blythburgh liko kando ya barabara kuu ya A12, juu kidogo ya kinamasi cha mto Blyth. Kubwa ajabu kwa kijiji kilivyo kidogo. Wanaliita kanisa kuu la vinamasi. Nilipoingia nilisahau mbwa. Dari lote la mbao, na katikati malaika wametandaza mabawa, rangi zao zimefifia. Nilikuwa peke yangu na kunguru wadogo wanaopiga kelele nje.

Mlango wa kaskazini ni wa mbao nene, zimekuwa kijivu kwa uzee. Alama ziko upande wa ndani. Nilitegemea mikwaruzo, kama ya mbwa anayetaka kufunguliwa. Sivyo. Ni madoa ya kuungua, marefu, chini mapana juu yamechongoka, kama tone la maji. Niliweka kidole, kinaingia kidogo. Zilionekana 1933 mlango uliposafishwa.

Sasa nikarudi kwa Fleming nikamsoma upya. Alama za kucha anazitaja, kweli: kwenye mawe na mlango wa kanisa la *Bungay*. Kwa Blythburgh hasemi chochote kuhusu mlango. Kwa hiyo mji ambao kijitabu kinaupa kucha hauna cha kuonyesha, na mji usiopewa ndio unaoonyesha.

Alama za namna hiyo ziko nyumba nyingi za kale za Uingereza, kwenye boriti za juu ya meko, kwenye fremu za milango. Waliochunguza wameona haziwezi kuwa za mshumaa uliosahauliwa. Mtu alishika mwali kwa makusudi, kwa pembe maalumu, akasubiri dakika kadhaa mpaka mti uungue. Inaaminika ilikuwa kinga: unauunguza mti kidogo ili moto mkubwa na radi visije. Wapo wanaozitazama za Blythburgh kwa jicho hilo. Nami nilipokuwa pale nikaona hivyo.

Fundi wa Nguzo

Yaani ni chanjo! Mti umechanjwa dhidi ya radi. Na wajukuu wakaja wakasema ni kucha za radi yenyewe. Hii nimeipenda.

Kaka wa Rukwa

Hirizi ikageuzwa kuwa ushahidi wa mchawi. Kwetu ipo sana hiyo.

Zamu ya Usiku

Niongeze moja tu, iko nje ya mada kidogo. Wale malaika wa darini wana matundu ya risasi. Miaka mingi ilisimuliwa kwamba ni askari wa William Dowsing, mtu aliyepita Suffolk 1644 akivunja masanamu makanisani; Blythburgh alifika Aprili mwaka huo. Hadithi nzuri, inaingia akilini. Walipokuja kukarabati wakachomoa risasi: za karne ya 18. Daftari la kanisa lina malipo kwa watu waliokodiwa kupiga kunguru wadogo waliojaa ndani ya dari. Kama kule Bungay, kumbukumbu za kanisa zimeharibu hadithi, hii ni ya pili. Na kunguru bado wapo, niliwasikia.

Binti Mtambwe

Kaka, kuna jambo moja umelipita haraka. Kuna yeyote aliyeponea siku ile ambaye ametajwa?

Zamu ya Usiku

Yupo, dada, na ndiye ninayempenda kuliko wote. Fleming anasema mhudumu wa kanisa la Bungay alikuwa nje anazibua mfereji wa maji ya mvua. Ngurumo ikampiga ikamtupa chini. Hakuumia zaidi ya kule kuanguka. Jina lake halikuandikwa. Mimi nafikiri mtu aliyekuwa anazibua mfereji katikati ya tufani, siku ya Jumapili, wengine wakiwa ndani wamepiga magoti, alikuwa mtu wa zamu kama sisi.

Mtoto wa Chwele

Swali la mwisho, mkuu. Wewe sasa usiku unapita kwenye yale makaburi, au unazunguka?

Zamu ya Usiku

Napita. Taa ya baiskeli nimenunua kubwa zaidi, hilo nakiri. Na bibi akiniuliza kama nimemsikia Shuck namwambia hapana, nimesikia jogoo.

Kwa walioniuliza faragha: kanisa la Blythburgh liko wazi mchana, kuingia bure, kuna sanduku la sadaka. Ukiingia kwa mlango wa kusini, ule wa kaskazini uko mbele yako, ng'ambo ya kanisa. Uangalie kwa ndani.